UZI: Moto wa transfoma Mwanza, unaanzaje, unazuiwaje na ufanye nini ukishawaka

KoiliTatu

Wakuu, vuli inakaribia na radi za ziwani huwa zinapiga usiku. Nafungua uzi huu kuhusu moto wa transfoma, za nguzoni mitaani na zile za wenye viwanda vya samaki na barafu. Mwenye ujuzi achangie, na aje na vipimo.

Tuanze na msingi. Ndani ya transfoma ya kawaida mna kiini cha chuma, koili za shaba au aluminiamu zilizozungushiwa karatasi, na mafuta ya madini. Mafuta yanazuia umeme usiruke kutoka koili hadi koili au hadi kwenye tenki, na yanabeba joto kulipeleka kwenye mapezi. Transfoma ya kVA 200 au 315 (kVA ni kipimo cha uwezo wake) huwa na litri mia mbili na kitu hadi mia nne hivi, kutegemea mtengenezaji. Mafuta mapya huanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye nyuzijoto 140 hivi, na yanaendelea kuwaka yenyewe kuanzia kama 170.

Ikiwa imebeba mzigo wake kamili, mafuta ya juu ya tenki yanaruhusiwa kuzidi joto la hewa kwa nyuzi 60. Mchana wa nyuzi 30 hapa kwetu, hiyo ni 90. Bado ni mbali na moto. Mwinuko wa Mwanza wa mita kama 1,140 hauongezi tatizo: kiwango cha kimataifa kinapunguza nyuzi 1 kwa kila mita 400 zinazozidi 1,000, kwa hiyo hapa hata nusu nyuzi haifiki.

Moto huja pale tao la umeme, yaani umeme unaoruka kati ya sehemu mbili zisizogusana, linapowaka ndani ya tenki. Joto lake ni maelfu ya nyuzi, linayapasua mafuta kuwa gesi, hasa haidrojeni na asetilini, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Tenki linavimba, bushingi (kihami kinachopitisha waya kwenye tenki) inarushwa au mshono unafunguka, mafuta yanatoka kama ukungu yakiwa moto, yanakutana na hewa. Vali ya kupunguza shinikizo inasaidia tao likiwa dogo. Likiwa kubwa, gesi inazalishwa haraka kuliko inavyoweza kutoka.

Kwa hiyo transfoma kuharibika ni jambo moja, kuwaka ni jambo jingine. Linaloamua ni muda ambao tao liliachwa liendelee kabla umeme haujakatwa. Naomba tuujadili uzi mzima tukiwa na hilo kichwani.

Nyamanoro_Umeme

Mkuu umeweka msingi vizuri. Mimi naingia kwenye fyuzi, maana hapo ndipo roho ya jambo ilipo.

Hesabu ya mkondo wa upande wa umeme mkubwa: chukua kVA, gawanya kwa 1.732, gawanya tena kwa kV (kilovolti). Transfoma ya kVA 315 kwenye laini ya 33 kV inavuta ampea 5.5 tu ikiwa imejaa. Kwenye laini ya 11 kV, ampea 16.5. Fyuzi ya kudondoka huchaguliwa karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu transfoma ikiwashwa huvuta mkondo wa kushtua unaofika mara 10 hata 12 ya kawaida kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na fyuzi inatakiwa ivumilie hilo bila kuyeyuka.

Sasa fyuzi ikikatika, mtu asiyejali anachukua uzi wa waya wa shaba anaufunga. Waya wa shaba wa kipenyo cha milimita 1 unayeyuka kwenye ampea 80 hivi. Linganisha na ile 5.5. Koili ikianza kushotiana mzunguko mmoja na mwingine, mkondo wa upande mkubwa unapanda kidogo tu mwanzoni, labda mara mbili au tatu. Fyuzi halisi ingeitikia mkondo ukiendelea kupanda. Ule waya hauoni kitu, shoti inaendelea kula karatasi, mafuta yanachemka pembeni yake, na umeme utakatwa wakati tenki limeshapasuka.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Ndani ya bomba la fyuzi ya kudondoka mna utando wa nyuzinyuzi. Fyuzi ikikatika, ule utando unatoa gesi inayopuliza tao lizimike, na papo hapo mvutano wa fyuzi unaachia bomba lidondoke na kuning'inia. Ukifunga waya, mvutano hauko sawa, bomba halidondoki, na tao linaweza kubaki likiwaka ndani ya bomba lenyewe. Bomba lililovimba kwa mvua hufanya vilevile: linakwama kwenye ndoano. Ukaguzi wa kabla ya mvua uanze na mabomba. Lililopauka, lililopasuka rangi au lenye ncha iliyoungua libadilishwe zima.

Na fyuzi hii ikikatika inatema chembe za moto kuelekea chini. Nyasi kavu, makuti, maboksi na turubai vikiwa chini ya nguzo, moto unaweza kuanza hapo hata kama transfoma yenyewe ni nzima.

BarafuIgombe

Shikamooni wakubwa. Nasimamia ujenzi wa mtambo wa barafu na chumba cha baridi cha samaki huku Igombe. Mkandarasi amependekeza transfoma yetu wenyewe, kVA 315, 33/0.4 kV, ikae chini na sio nguzoni. Nafasi iliyopo ni mita 4 kati ya ukuta wa chumba cha baridi na uzio. Panatosha? Na je, nichukue ya mafuta au kavu?

KoiliTatu

Marahaba dada. Kabla sijataja mita, nikuulize: ukuta wa chumba cha baridi ni tofali au zile paneli za bati mbili zenye povu katikati?

BarafuIgombe

Ni paneli, povu la polyurethane, milimita 100.

KoiliTatu

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko transfoma yenyewe. Polyurethane inaungua, moshi wake una sumu, na moto ukiingia kati ya bati mbili maji ya nje hayaufikii.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 61936-1 kwa transfoma za nje kinaanza kuhesabu umbali kwenye mafuta ya lita 1,000: kati ya 1,000 na 2,000 ni mita 3 hadi ukuta usioungua, na mita 7.5 hadi ukuta unaoungua. Ya kwako iko chini ya lita 1,000 kwa hiyo jedwali halikubani. Lakini kwa paneli za povu mimi ningeshika ile 7.5 kama mwongozo, na kama haipatikani, ujenge ukuta wa kuzuia moto katikati. Mita 4 bila ukuta, hapana.

Ukuta huo uvumilie moto angalau dakika 60. Tofali za saruji za inchi 9 zilizojengwa vizuri, zikapigwa plasta pande zote mbili, zinavuka hapo. Urefu wa kwenda juu uvuke kilele cha tenki, au cha konsevata (tenki dogo la mafuta lililo juu) kama ipo. Upana ufike angalau mwisho wa shimo la mafuta kila upande, maana mafuta yanayowaka ndiyo yatakayotambaa. Tundu la kupitisha kebo lizibwe kwa saruji au kifaa maalumu cha kuzuia moto. Ukiliacha wazi umejenga bomba la moshi kuelekea kwenye povu.

Shimo la mafuta: mita 2 kwa 2, kina sentimita 40, lipangwe mawe ya milimita 40 hadi 60 kwa unene wa sentimita 30. Kati ya mawe nafasi tupu ni kama asilimia 40, kwa hiyo ndani ya mawe zinaingia lita 480 hivi, na sentimita 10 zilizobaki zinaongeza 400. Mafuta yako yote yanaingia na nafasi ya mvua inabaki. Mawe yana kazi ya pili: mafuta yanayowaka yakipita katikati yake yanapoa na kukosa hewa, mwali unazimika. Kwa hiyo yasijae mchanga na matope. Yakijaa, yatoe, yaoshe, yarudishe.

Shimo liwe na vali ya kutolea maji ya mvua inayokaa imefungwa. Fungua baada ya kuangalia kwamba juu hakuna utando wa mafuta. Usiunganishe moja kwa moja na mfereji wa kwenda ziwani. Igombe watu wanachota maji na kuanika dagaa palepale ufukweni.

Kuhusu aina. Kavu za rezini hazina mafuta ya kumwagika, na zenye daraja la moto F1 haziendelezi moto zenyewe. Zinafaa ndani ya jengo. Nje, kwenye unyevu wa ziwa na vumbi, zinataka kabati zuri lenye kupitisha hewa, na unyevu ukitua kwenye rezini chafu umeme hutambaa juu yake. Chaguo langu kwako ni tenki lililofungwa kabisa, lenye mafuta ya esta ya asili, yaani yanayotokana na mimea, badala ya ya madini. Esta huanza kuwaka yenyewe juu ya nyuzi 300, nyingi ziko karibu na 350, na ikimwagika inaoza yenyewe upesi zaidi. Bei ni kubwa zaidi. Sharti lake ni moja: isikutane na hewa mara kwa mara kwa sababu inaganda taratibu, ndiyo maana nasema tenki lililofungwa.

Bugarika_Ethi

Wakuu nimekuja na upande wa radi, maana kwa kanda hii ndiyo inayoua transfoma nyingi.

Koili ya 33 kV imejaribiwa kiwandani kuvumilia pigo la kilovolti 170. Ya 11 kV, kilovolti 75 au 95 kutegemea oda. Radi ikipiga laini inaleta zaidi ya hapo kirahisi, kwa hiyo kinachookoa ni kizuia radi. Lakini kizuia radi kinafanya kazi kulingana na kilivyofungwa. Mkondo wa radi unaopanda kiloampea 10 kwa mikrosekunde moja unajenga takriban kilovolti 10 kwenye kila mita ya waya ulionyooka. Ukifunga kizuia radi juu kwenye mkono wa nguzo, kisha ukashusha waya wa mita 4 hadi bushingi na mwingine wa mita 4 kwenda kwenye ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) iliyo mbali na tenki, umeongeza kilovolti 80 juu ya zile ambazo kizuia radi chenyewe kinaziacha. Kwa transfoma ya 11 kV hapo umeshamaliza uwezo wake wote.

Vifungwe kwenye tenki lenyewe, karibu na bushingi, na waya wake wa chini uunganishwe na mwili wa tenki papo hapo kwa njia fupi, kisha ndipo uende ardhini. Usikunje waya wala kuuzungusha ili upendeze.

Jambo la kuangalia kwa macho kutoka chini: vizuia radi vya kisasa vina kiungo kidogo chini ambacho kikishafanya kazi yake ya mwisho kinalipuka na kuuachia waya wa ethi. Ukiona waya mweusi unaning'inia hewani chini ya kizuia radi kimoja wakati vingine viwili vimeunganishwa, hicho kimekufa. Umeme bado unawaka, taa ziko sawa, hakuna anayelalamika. Radi inayofuata inaingia moja kwa moja kwenye koili ya feezi hiyo (mojawapo ya njia tatu za umeme). Mwananchi yeyote anaweza kuona hilo na kutoa taarifa.

Sasa ethi. Mji wetu umekaa juu ya mawe na hapo pana shida ya kweli. Fimbo moja ya mita 1.5 kwenye udongo wa ohm-mita 100 (kipimo cha udongo unavyozuia umeme) inatoa ohm 60 hivi. Kwenye changarawe ya itale yenye ohm-mita 1,000, fimbo ileile inatoa karibu ohm 600. Ukiwa Bugando, Igogo au Mabatini juu milimani, kupigilia fimbo ya pili na ya tatu palepale ni kujichosha. Njia inayofanya kazi ni kutafuta mkanda wa udongo kati ya majabali, kuchimba mfereji wa sentimita 60 hadi 80, kulaza bapa la chuma lililopakwa zinki au waya wa shaba mita 30, 40, 50 kuelekea chini bondeni, na kuunganisha fimbo kila unapopata kina. Fimbo ziachane angalau mara mbili ya urefu wake, la sivyo zinagombania udongo uleule.

Upimaji ufanyike Julai au Agosti, ardhi ikiwa kavu. Kipimo cha Aprili kinadanganya.

FimboTatu_Kisesa

Mkuu @Bugarika_Ethi, hujagusia chumvi na mkaa. Mafundi wengi huku wanajaza gunia la chumvi na la mkaa na ohm zinashuka siku hiyohiyo.

Bugarika_Ethi

Zinashuka, sikatai. Ila chumvi inasafirishwa na mvua, kwa hiyo baada ya masika mbili tatu umerudi ulikotoka, na katika muda huo imekula chuma na viungo vyako. Unabaki na ethi iliyooza ambayo huioni. Bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, haili chuma na inashika maji. Ichanganywe na maji iwe kama uji mzito, imwagwe kuzunguka fimbo kwenye shimo la kipenyo cha sentimita 15 au zaidi. Kama huipati, udongo mweusi wa mbuga uliosagwa na kushindiliwa vizuri ni bora kuliko chumvi.

MwenyekitiMtaa_Igoma

Ndugu zangu, mimi si fundi. Mtaani kwetu kuna transfoma ya nguzoni kVA 100, na chini yake kuna kibanda cha chipsi, fundi wa kuchomelea na mama anayeuza mkaa. Usiku inanguruma. Naweza kuangalia nini mimi na wajumbe wangu bila kugusa chochote, na nikitoa taarifa niandike nini ili ieleweke?

Nyamanoro_Umeme

Asante mwenyekiti, swali zuri sana hili.

Simama pembeni ya nguzo, sio chini yake, mchana jua likiwa nyuma yako, na simu yenye kukuza picha. Anza na mwili wa tenki. Kama kuna mstari mweusi unaoteremka kutoka kwenye bushingi au kifuniko, na vumbi limegandamana juu yake kama lami, hayo ni mafuta yanavuja. Mstari uliokauka na wenye vumbi jepesi ni wa zamani. Unaong'aa ni wa sasa. Angalia na ardhi chini yake kama ina madoa.

Kisha nyaya nene zinazotoka upande wa umeme mdogo. Kiungo kilicholegea huwa na rangi tofauti na wenzake: plastiki iliyokunjamana au kuyeyuka sentimita kumi za mwanzo, chuma cha rangi ya samawati au kijivu cheupe. Hili si dogo. Kiungo chenye ukinzani wa miliohm 1 tu kikipitisha ampea 300 kinazalisha wati 90 mahali padogo kama kidole gumba, saa zote za usiku. Gasketi ya bushingi iliyo jirani inapikwa, inakauka, mafuta yanaanza kutoka, na yanatokea juu ya kiungo kilekile cha moto.

Tazama na viota. Kunguru hapa wanajengea vipande vya waya. Na wakati wa makundi ya vijidudu vya ziwani, mizoga yao na utando wa buibui hujaa kwenye vihami hasa pale penye taa ya barabarani jirani. Ukungu wa asubuhi ukilowesha ule uchafu, unasikia mlio wa kukwaruza na usiku unaweza kuona cheche za zambarau.

Kwenye mzigo sasa. kVA 100 ni ampea 144 kwa kila feezi. Timu ya umeme ikija na klempu mita (kipimo cha ampea kinachobana waya), waombe wapime kati ya saa 1 na saa 4 usiku, feezi moja moja. Mfano: nyekundu 190, njano 85, bluu 70. Jumla ni 345 kati ya 432, yaani asilimia 80, na kwenye karatasi inaonekana salama. Lakini koili ya nyekundu imebeba asilimia 132. Karatasi ya koili huzeeka mara mbili haraka kwa kila nyuzi 6 zinazoongezeka juu ya 98 pale penye joto kali zaidi. Mashine za kuchomelea na pasi za dobi zikiwa zote kwenye feezi moja ndipo mambo haya yanatokea. Dawa ya kwanza ni kuhamisha wateja kati ya feezi, kazi ya siku moja, kabla ya kuomba transfoma kubwa.

Kwenye taarifa andika namba iliyopigwa kwenye nguzo, saa ambayo kelele inazidi, feezi inayokatika mara kwa mara kama inajulikana, na uambatanishe picha. Ukiandika "transfoma ni mbovu" itakaa kwenye foleni na mbovu nyingine zote.

Kuhusu kibanda: jiko la mkaa na mafuta ya kukaangia chini ya lita mia mbili za mafuta mengine haviendi pamoja. Wahamishwe hata mita 10, na muuza mkaa vilevile. Fundi wa kuchomelea pia.

SilikaJeli

Hapo kwenye kuvuja mkuu ongezea wizi. Mafuta ya transfoma yanaibwa, mengine yanapelekwa kwenye mashine za kuchomelea na mengine, Mungu atusaidie, kwenye makaango. Mwizi akitoa lita 80, usawa unashuka chini ya ncha za juu za koili. Sehemu iliyobaki hewani haipoi wala haizuiwi umeme, na ndipo tao linapoanzia. Akiacha kifuniko wazi, mvua inaingia. Vali ya chini iwekewe kifuniko cha kuchomelewa au boliti zinazohitaji kifaa maalumu. Jukwaa lipandishwe. Tenki lililofungwa kabisa lisilo na vali ya chini linampa mwizi kazi zaidi.

Nami nazungumzia maji, maana ndiyo adui asiyeonekana.

Kwa transfoma zenye konsevata, hewa inaingia kupitia chupa ya silika jeli. Ya buluu ikilowa inakuwa ya waridi. Ya rangi ya chungwa inakuwa kijani au inapauka. Inatakiwa ianze kubadilika kutokea chini, hewa inakoingilia. Ikianza juu, kuna ufa au gasketi mbovu na hewa inapita njia ya mkato. Ikifika nusu hadi theluthi mbili, badilisha. Na kikombe cha mafuta kilicho chini ya chupa kisiwe kikavu.

Upimaji wa mafuta: vichwa viwili vyenye nafasi ya milimita 2.5, volti zinapandishwa kilovolti 2 kila sekunde, mara sita, unachukua wastani. Mafuta mapya yaliyosafishwa yafike kilovolti 70. Yaliyoko kazini kwa transfoma za ukubwa wetu, juu ya 40 ni mazuri, 30 hadi 40 yafuatiliwe kwa karibu, chini ya 30 yachujwe au yabadilishwe. Asidi ikivuka 0.3 (miligramu za KOH kwa gramu ya mafuta) kuchuja hakutoshi tena.

Sampuli inaharibiwa na uvivu. Toa kwanza lita moja au mbili zisafishe vali, tumia chupa ya kioo iliyokauka kabisa, suuza kwa mafuta yenyewe, jaza, funga. Usichukue siku ya mvua. Chukua chini ya tenki maana maji ni mazito kuliko mafuta na huko ndiko yanakojikusanya.

Majibu yakija, yafanyiwe kazi. Machi 2025 uwanja wa ndege wa Heathrow, London, ulifungwa karibu siku nzima kwa sababu transfoma ya kituo cha North Hyde iliwaka. Uchunguzi ulionyesha bushingi ya umeme mkubwa ndiyo iliyoshindwa, uwezekano mkubwa ni unyevu ulioingia ndani yake. Sampuli ya Julai 2018 ilikuwa imeshaonyesha unyevu uliozidi. Karibu miaka saba karatasi ya majibu ipo na kazi haikufanyika. Wenye maabara za kisasa yamewakuta hayo.

BarafuIgombe

Nashukuru sana nyote. Maswali mawili ya mwisho. Nidai nini kwenye mkataba wa ufungaji? Na ikitokea imewaka, wafanyakazi wangu wafanye nini?

KoiliTatu

Mkataba kwanza. Fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya daraja linaloruhusu umeme mkubwa. Dai akupe kwa maandishi kabla ya kuwasha: uwiano wa koili kwa kila feezi, usizidi tofauti ya asilimia 0.5, ukinzani wa vihami kwa mega (kipimo cha ukinzani wa vihami) ya volti 5,000 upande mkubwa na 1,000 upande mdogo, ohm za ethi, na usawa wa mafuta. Hizo ndizo namba za kulinganisha miaka ijayo.

Viungo: kebo ya aluminiamu kwenye bushingi ya shaba itumie lagi (vichwa vya kebo) za bimetali, yaani shaba na aluminiamu, isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe grisi yake, ibanwe kwa mashine ya kubana yenye saizi sahihi. Nyundo haibani lagi. Boliti za bushingi zikazwe kwa spana mbili, moja inashikilia nati ya chini. Ukikaza kwa moja bila kushikilia, mhimili mzima unazunguka, gasketi inachanika na umetengeneza mvujo siku ya kwanza. Baada ya mwezi wa kazi apite na kamera ya joto mtambo ukiwa na mzigo wa asilimia 40 au zaidi. Kiungo kikizidi wenzake wenye mzigo uleule kwa nyuzi 15, kizimwe na kurekebishwa siku hiyo.

Kifaa cha gesi, shinikizo na joto kilicho juu ya tenki wengi wanakifunga na kuishia hapo. Kama upande wa 33 kV una fyuzi za kudondoka pekee, kifaa hicho kinaweza kukata breka ya umeme mdogo tu. Kitaondoa mzigo, kitasaidia joto likizidi, lakini shoti iliyo ndani ya koili itaendelea kulishwa kutoka juu. Kama bajeti inaruhusu, weka swichi ya upande mkubwa yenye fyuzi na koili ya kukatia (inayoifungua swichi ikipewa amri), na kifaa kiunganishwe hapo.

Nyamanoro_Umeme

Kwenye moto najibu mimi.

Wafanyakazi waondoke umbali wa mita 30, upande upepo unakotoka. Tenki linaweza kupasuka mara ya pili. Mmoja apige 114 Zimamoto, mwingine dawati la dharura la shirika la umeme, na wote wawili waambiwe maneno haya: transfoma, 33 kV, bado ina umeme au imekatwa. Zimamoto hawataanza maji mpaka wathibitishiwe imekatwa, kwa hiyo simu ya umeme ndiyo inayookoa dakika.

Jenereta izimwe. Hili linasahaulika. Jenereta iliyounganishwa vibaya inarudisha umeme kwenye transfoma, na transfoma inaupandisha hadi 33 kV kwenye laini ambayo kila mtu anaamini imekufa. Swichi ya kubadilishia iwe ya kufungana kimitambo, ya poli nne (inakata feezi zote tatu na nyutro), isiyowezekana kuwasha pande zote mbili.

Ndoo ya maji, hapana kabisa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yanaelea yakiwaka na kusambaa, na mkondo wa maji ni njia ya umeme. Mtungi wa poda kavu wa kilo 9 unafaa kwa nyasi na vitu vya pembeni, sio kwa tenki linalowaka. Umeme ukishakatwa, povu na maji ya kunyunyiza kwa ukungu ndizo kazi za Zimamoto. Mchanga uwekwe kwenye mapipa karibu na geti, wa kuziba mfereji mafuta yasifike ziwani.

SilikaJeli

Nyongeza kwa wanaonunua transfoma iliyotumika: za miaka ya kabla ya 1980 na kitu zinaweza kuwa na PCB, kemikali yenye sumu, kwenye mafuta. Ikiungua inatoa dioksini. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali za sumu, umeweka mpaka wa sehemu 50 kwa milioni, na vifaa vyenye PCB vilitakiwa viondolewe kazini ifikapo 2025. Dai cheti cha kipimo kabla ya kulipa, na kama bamba la mtengenezaji limeng'olewa, usinunue.

MwenyekitiMtaa_Igoma

Nimepiga picha leo saa tisa. Kizuia radi cha katikati waya wake unaning'inia kama alivyoeleza @Bugarika_Ethi, na chini ya bushingi ya mwisho kulia kuna mstari unaong'aa. Namba ya nguzo ninayo. Niwasilishe vyote kwenye barua moja au taarifa mbili?

Bugarika_Ethi

Barua moja mwenyekiti, picha zote mbili, na kizuia radi kitangulie kwenye maelezo, kwa sababu mvua ikianza hicho hakisubiri. Omba vibadilishwe vyote vitatu pamoja, viwili vilivyobaki vimepokea mapigo yaleyale. Wakipanda kwa kazi hiyo, wakaze na ile bushingi kwa kuzima umeme mara moja tu.